Ukuta wa Fremu ya Mbao: Kinachousimamisha na Kinachouangusha

Tangu matangazo ya nyumba za mbao yaanze kujaa kwenye simu za wakazi wa Nairobi, yakiwa na picha za nyumba nadhifu zinazodaiwa kukamilika kwa majuma machache, mjadala umezuka katika vyama, makazini na hata ndani ya matatu kuhusu kama nyumba ya namna hiyo ni nyumba kweli au ni kibanda kilichopakwa rangi. Wapo wanaoapa kwamba haitavuka masika mawili, na wapo wanaowajibu kwamba Wamarekani wengi wanaishi humo na hawajalalamika. Nimewasikiliza wa pande zote mbili, na ninaamini kwamba wengi wao wanabishana juu ya kitu ambacho hawajapata kukiona, kwa sababu sehemu ya ukuta inayofanya kazi hufunikwa siku chache baada ya kusimamishwa na haionekani tena mpaka ukuta ubomolewe.

Tuanze na maneno. Ukuta wa fremu ya mbao ni kiunzi cha mbao nyembamba zilizosimamishwa kwa nafasi sawa kati ya ubao mmoja uliolazwa chini na mwingine uliolazwa juu, kisha kiunzi hicho kikafunikwa ndani na nje kwa kitu kingine. Kifuniko cha nje kinaweza kuwa mbao zilizopandana, plaiwudi, mabati au hata lipu ya saruji iliyopigwa juu ya wavu wa waya. Cha ndani mara nyingi huwa jipsamu au plaiwudi. Katika makala haya mbao za kusimama nitaziita viguzo, wa chini nitauita ubao wa chini, na ule wa juu nitauita mtambaapanya, jina ambalo Kiswahili kimekuwa nalo siku zote kwa mti unaolazwa juu ya ukuta ili paa likalie.

Kifuniko ndicho kinachoyapotosha macho yetu. Nyumba ya mabati ya Mukuru, Mathare au Kibera ni nyumba ya fremu ya mbao, ila imevikwa bati. Jiji lenyewe lilianza hivyo, kwani reli ilipofika hapa mwaka 1899 na kambi ikapigwa kwenye tambarare yenye majimaji, majengo ya mwanzo yalikuwa ya mbao na mabati. Hata nyumba ya udongo ya mashambani ina undugu na fremu: nguzo zimesimama, fito zimelazwa na kufungwa, kisha udongo ukakandikwa kujaza nafasi. Aliyewahi kuona nyumba ya namna hiyo ikivuliwa udongo na mvua huku nguzo na fito zake zikibaki wima, ameshaelewa nusu ya jambo hili, kwamba udongo ulizuia upepo na macho ya watu, lakini paa lilikuwa limebebwa na miti.

Sasa kuhusu nguvu zenyewe. Ubao ulikuwa mti, na mti una nyuzi zinazokwenda kutoka mizizini hadi kileleni. Chukua mirija ishirini ya soda, ifunge pamoja kwa mpira, uisimamishe mezani na kuikandamiza kwa kiganja, na utashangaa jinsi inavyohimili. Ilaze ubavu, uikandamize tena, nayo itabonyea papo hapo. Ubao una tabia hiyohiyo: ukibebeshwa mzigo kufuata nyuzi zake, una nguvu mara kadhaa kuliko ukibebeshwa kwa kuzikingama. Ndiyo maana viguzo husimama wima na kupokea uzito wa paa kutoka kwenye mtambaapanya, vikaufikisha kwenye ubao wa chini na hatimaye kwenye msingi, ilhali zile mbao zilizopandana kama magamba nje ya nyumba, ambazo mpita njia huzipima unene kwa macho akidhani ndizo zinazobeba, hazibebi paa hata kidogo.

Kiguzo, hata hivyo, kina udhaifu wake. Simamisha rula ya plastiki ya mwanafunzi mezani na uikandamize kutoka juu. Haitavunjika kwa kusagika. Itapinda tumbo, tena daima upande wa wembamba wake. Ubao wa inchi 4 kwa 2, ambao ndio unaotumika sana kwa kazi hii, huwa na uwezo wa kuhimili kupinda huko mara 4 zaidi upande wa inchi 4 kuliko upande wa inchi 2. Kwa hiyo fundi huuweka ule upana wa inchi 4 uelekee unene wa ukuta, kisha hutafuta namna ya kuushika upande dhaifu. Namna ya kwanza ni kugongelea vipande vifupi vya mbao kati ya kiguzo na kiguzo, kwenye nusu ya kimo. Vipande hivyo huonekana kama mapambo ama kama njia ya kumaliza mabaki ya mbao, na nimemsikia mwenye nyumba akimwambia fundi aviache ili kupunguza gharama. Kwa kweli kiguzo kirefu kikishikwa katikati, uwezo wake wa kuhimili kupinda upande ule huongezeka takriban mara 4, kwa sababu kinachohesabiwa ni ule urefu usioshikwa. Namna ya pili ni plaiwudi yenyewe, kwani ikipigiliwa vizuri kwenye kila kiguzo huvizuia vyote visipinde ubavuni.

Watu huniuliza kwa nini viguzo huwekwa kila baada ya inchi 16, au 24 kwa kuta zenye mzigo mdogo, kana kwamba kuna siri. Jibu lipo dukani. Karatasi ya plaiwudi au ya jipsamu ina urefu wa futi 8 na upana wa futi 4, yaani inchi 96 kwa 48. Namba 48 hugawanyika kwa 16 mara 3 na kwa 24 mara 2, kwa hiyo ukingo wa kila karatasi huangukia juu ya kiguzo, mahali ambapo pana mbao ya kupokea msumari. Kosa linalorudiwa mara nyingi ni kupima nafasi iliyo wazi baina ya viguzo badala ya kupima kutoka katikati ya kiguzo kimoja hadi katikati ya kinachofuata. Anayeacha nafasi wazi ya inchi 16 kati ya mbao zenye unene wa inchi 2 amejenga kwa mpango wa inchi 18 bila kujua, na karatasi yake ya kwanza itaishia hewani.

Mlango na dirisha huvuruga utaratibu huu, kwa maana viguzo vilivyopaswa kupita hapo hukatwa, lakini uzito wa paa uliokuwa ukishukia hapo haujaondoka. Linta ni daraja la kuuvusha uzito huo kwenda kushoto na kulia. Daraja huhitaji miguu, ndiyo sababu kila upande wa mlango huwa na viguzo viwili vilivyounganishwa: kimoja kirefu kinachokwenda moja kwa moja hadi kwenye mtambaapanya, na kingine kifupi ambacho linta imekikalia. Linta inayoning'inia kwa misumari tu, bila kiguzo kifupi chini yake, italegea pole pole, na dalili ya kwanza mwenye nyumba atakayoiona ni mlango unaokataa kufungwa.

Mpaka hapa tumezungumzia uzito unaoshuka, na huo kwa kweli ndio rahisi. Jambo linaloziangusha fremu nyingi ni nguvu inayotoka ubavuni. Chukua kiberiti, utoe kile kisanduku cha ndani chenye njiti, ubaki na ganda lake tu. Lisimamishe na kulisukuma kwa kidole kwenye pembe ya juu, nalo litalala bapa bila kuchanika popote. Kisha rudisha kisanduku ndani na usukume tena. Ganda ni lilelile, karatasi ni ileile, lakini sasa halilali.

Fremu ya viguzo na mbao mbili za kulala ni ganda tupu la kiberiti. Umbo lenye pande nne hubadilika likasukumwa likawa mshazari bila upande wowote kuvunjika wala kurefuka, kwa sababu pembe zake zinashikwa na misumari michache ambayo huzunguka ndani ya mbao kama bawaba. Umbo lenye pande tatu haliwezi kufanya hivyo; ili libadilike, lazima upande mmoja ukatike au uachane na mwenzake. Tazama vibanda vya mboga kando ya barabara zetu vilivyoinama vyote upande mmoja, nguzo zake zikiwa nzima kabisa na mabati yake yakiwa mazima, na utaona kwamba hakuna kilichooza wala kuvunjika. Kilichokosekana ni pembetatu. Ningependa kila anayejenga kwa mbao alitazame jambo hili kabla ya kulitazama lingine lolote, kwa sababu mwenye fedha za kununua viguzo vingi huongeza viguzo akidhani ameongeza uthabiti, na kumbe viguzo mia vilivyosimama bila mshazari huinama pamoja kama mahindi shambani.

Pembetatu hiyo hupatikana kwa njia tatu. Ya kwanza ni ubao wa mshazari unaotoka pembe ya juu ya ukuta hadi chini, ukiwa umechimbiwa kidogo ndani ya kila kiguzo unachokikatiza na kupigiliwa hapo. Ya pili ni utepe wa chuma uliovutwa vivyo hivyo, ila utepe huweza kuvuta tu wala hauwezi kusukuma, kama kamba. Kwa hiyo lazima ziwe mbili zinazopishana kama herufi X, la sivyo ukuta utakuwa umezuiwa kuinama upande mmoja na kuachwa huru upande wa pili. Ya tatu, ambayo ndiyo imara zaidi, ni kupigilia karatasi za plaiwudi juu ya fremu, kwani plaiwudi nzima hufanya kazi ya kile kisanduku cha ndani cha kiberiti. Hapo misumari ndiyo inayobeba kazi yote: mpango unaotumika sana ni msumari kila inchi 6 ukingoni mwa karatasi na kila inchi 12 kwenye viguzo vya ndani. Karatasi iliyoshikwa na misumari minne ya pembeni ni pazia. Mabati ya ukutani nayo hayategemeki kwa kazi hii, kwa sababu hushikwa kwa misumari michache na mashimo yake hupanuka kadiri upepo unavyoyatikisa.

Hilo lisimfanye mtu aamini kwamba misumari mingi daima ni nguvu zaidi. Tukirudi kwenye mirija yetu, msumari unaoingia kwa kukingama nyuzi hubanwa nazo, lakini unaoingia kwenye kichwa cha ubao, sambamba na nyuzi, umechomekwa katikati ya mirija na huchomoka kwa urahisi. Kwa sababu hiyo kiguzo kilichopigiliwa kupitia ubao wa chini huongezewa misumari ya mshazari kutoka ubavuni, ili kuwe na misumari inayokamata nyuzi kwa upande. Misumari mingi iliyopangwa kwenye mstari mmoja hufanya kazi ya kabari ya kupasulia kuni. Mafundi wazee huugonga kidogo mkuki wa msumari kwa nyundo ili uwe butu kabla ya kuupigilia karibu na mwisho wa ubao, na wanajua wanachokifanya: ncha butu hukata nyuzi, ilhali ncha kali huzitenganisha na kupasua ubao.

Kuna nguvu ya tatu ambayo mji wa mabati haupaswi kuisahau, nayo ni ile inayovuta kwenda juu. Paa la mabati ni jepesi, na upepo unaopita juu yake hulivuta kama unavyovuta mwavuli mkononi mwa mtu anayevuka barabara. Mwavuli hauendi kwa sababu umeshikwa. Paa nalo lazima lishikwe kwa mnyororo usiokatika, kuanzia kwenye kenchi, kwa utepe wa chuma hadi kwenye mtambaapanya na kiguzo, kisha kutoka kiguzo hadi ubao wa chini, na kutoka ubao wa chini kwa bolti zilizozamishwa kwenye zege. Kipimo kinachokubalika sana ni bolti moja kwa kila futi 6 au chini ya hapo, pamoja na nyingine ndani ya futi moja kutoka kila mwisho wa ubao.

Nilipata nafasi ya kutazama ukuta mmoja ukijengwa Kasarani tangu mbao ziliposhushwa kwenye pikapu, na kwa kuwa wengi hudhani kazi hii huanza kwa kusimamisha nguzo moja moja, nitaeleza mwenendo wake. Ukuta ulikuwa wa futi 12 kwa kimo cha futi 8, nao ulijengwa wote ukiwa umelala sakafuni. Fundi aliuweka ubao wa chini na mtambaapanya ubavu kwa ubavu, akachora alama za viguzo kwenye mbao zote mbili kwa mstari mmoja, ili alama za juu zisiwe na namna ya kutofautiana na za chini. Kisha alikiinua kila kiguzo hadi jichoni na kukitazama kwa urefu kama mtu anayelenga shabaha, kwa sababu karibu kila ubao una kilima kidogo upande mmoja, akavipanga viguzo vyote 10 vilima vyake vikitazama upande uleule. Ukuta wenye vilima vilivyochanganywa huwa na mawimbi ambayo hakuna jipsamu itakayoyaficha.

Baada ya kupigilia, alipima pembe kwa pembe. Umbo la futi 12 kwa 8 pembe zake zote zikiwa za mraba sawasawa, kila mshazari wake huwa futi 14 na inchi 5. Wake ulisoma 14 na 4 upande mmoja, na 14 na 6 na zaidi kidogo upande wa pili, basi akagonga pembe ndefu kwa nyundo taratibu mpaka zikalingana, ndipo akapigilia plaiwudi ukuta ukiwa bado umelala. Utaratibu huo una maana, kwani plaiwudi hukifunga kiunzi katika umbo lolote lile inalokikuta nalo, liwe sawa au limepinda. Fremu ya ukubwa ule, mbao zikiwa zimekauka, ina uzito wa kilo 80 hadi 90 hivi kabla ya plaiwudi, kwa hiyo watu wanne waliusimamisha kwa pamoja, mmoja akihesabu. Ukuta wa mawe ya kuchonga wa ukubwa huo wenye unene wa inchi 6 huzidi tani 2. Wepesi huu ni faida ya kweli kwenye udongo mweusi wa Embakasi na South C, ambao huvimba kwa mvua na kusinyaa kwa kiangazi, ingawa haumwondolei mtu wajibu wa kuweka msingi unaofaa udongo huo.

Ukuta uliosimamishwa peke yake ni hatari kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ni mpana kama tanga na hauna kinachouzuia kuanguka mbele au nyuma. Kabla mtu yeyote hajauachia, gadi mbili zilikuwa zimepigiliwa kutoka juu ya ukuta hadi kwenye vigingi vilivyofungwa imara chini, na ni kwa kuzisogeza gadi hizo ndipo ulipowekwa wima kwa timazi. Pimamaji fupi haitoshi hapo, maana husoma kipande kidogo tu cha ubao ambao huenda umepinda. Gadi ziliondolewa baada ya kuta zote nne kuungana na ubao wa pili kulazwa juu ya mtambaapanya ukizipita pembe, ukuta huu ukimshika jirani yake kama vidole vilivyopishana. Kuziondoa mapema ili zitumike upande mwingine ni kuhatarisha maisha ya watu.

Sasa tuje kwenye unyevu, ambao mimi nimeujua kwa hasara. Jiko la nyumba niliyokuwa nimejenga miaka ya nyuma lilioza ubao wa chini wote wa ukuta mmoja, huku juu ya kimo cha goti mbao zikiwa nzima kana kwamba zimetoka kiwandani. Ubao ule ulikuwa umelazwa moja kwa moja juu ya zege, na zege hunyonya maji ardhini kama andazi lililotumbukizwa chaini. Dawa yake ni karatasi nzito ya plastiki ya kuzuia unyevu kati ya zege na ubao, ubao wa chini uliotiwa dawa kiwandani, na ukuta ulioinuliwa angalau inchi 8 kutoka usawa wa ardhi. Kuinua huko kuna faida ya pili. Mchwa wa ardhini hukwepa mwanga na ukavu, kwa hiyo hujenga vijia vya udongo ili wapande navyo. Penye msingi ulioinuliwa na ulio wazi, vijia hivyo huonekana na kubomolewa kabla ya madhara. Penye ubao uliofukiwa udongoni, mchwa huingia kwa siri. Kumwaga mafuta machafu ya gari kwenye mbao, kama wengi wanavyofanya, hakuingii ndani ya ubao, huuongezea moto chakula, na huchafua udongo na maji.

Kuvu inayoozesha mbao haiwezi kuishi kwenye ubao mkavu. Ubao ukikaa chini ya asilimia 20 ya unyevu hauozi, na hiyo ndiyo sababu hekalu la Horyu-ji huko Japani lina majengo ya mbao yaliyosimama tangu karne ya 7 na ya 8. Anayesema mbao ni ya muda tu ameona mbao iliyolowa. Shida ni kwamba mbao nyingi tunazouziwa ni mbichi. Serikali iliposimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma kuanzia Februari 2018 hadi 2023, mbao nyingi za Nairobi zilikuwa zikitoka katika mashamba ya watu binafsi na ng'ambo ya mpaka, Tanzania, na haja ya kuuza haraka haiwapi wachanaji muda wa kuzikausha. Ubao mbichi ukipigiliwa leo utasinyaa upana na unene, ingawa urefu wake hautabadilika kwa kiasi cha kuonekana. Misumari italegea na nyufa zitafunguka. Usiye na kifaa cha kupimia unyevu, kata kipande kifupi cha ubao na ukipime kila siku chache kwa mizani ya jikoni. Maadamu uzito unashuka, mbao zako bado zinatoa maji. Zipange kivulini, zikitenganishwa kwa vijiti ili hewa ipite, na uvumilie.

Kuhusu moto sitaki kuzungumza kwa wepesi. Septemba 2024 wavulana 21 walifariki baada ya bweni la shule ya Hillside Endarasha, Nyeri, kuteketea, na maafisa walisema bweni hilo lilikuwa limejengwa kwa mbao kwa sehemu kubwa. Mbao huwaka, na yeyote anayekuuzia nyumba ya mbao huku akikuambia vinginevyo hakutakii mema. Lakini namna inavyowaka inaeleweka. Kijiti huwaka mara moja, gogo hukawia, kwa sababu ubao mnene unapoungua hujifunika tabaka la makaa ambalo hupunguza kasi ya moto. Mbao laini huungua kwa wastani wa milimita 0.65 hivi kwa dakika kila upande ulio wazi kwa moto. Kiguzo chenye unene wa milimita 50 kilicho wazi pande zote mbili huisha kabla ya dakika 40, na hupoteza uwezo wa kubeba mapema zaidi.

Kinga yake kubwa ni jipsamu. Madini hayo yana maji yaliyofungwa ndani yake, yapatayo asilimia 21 ya uzito, na moto hauwezi kuupasha ubao ulio nyuma yake kupita kiasi mpaka maji hayo yote yageuke mvuke. Ukuta wa viguzo uliofunikwa pande zote mbili kwa jipsamu maalumu ya kuzuia moto yenye unene wa milimita 16 huhesabiwa katika kanuni za Marekani kuwa unahimili moto kwa saa 1. Saa 1 ni muda wa kumwamsha kila mtu na kutoka. Ukuta huohuo ukiachwa wazi ndani, au ukifunikwa kwa plaiwudi nyembamba pekee, hauna muda huo. Zaidi ya hapo, nafasi iliyo kati ya kiguzo na kiguzo ni bomba la moshi likiwa wazi kutoka sakafuni hadi darini, na ni vile vipande vya kati, mtambaapanya na vizuizi vya kwenye dari vinavyolifunga. Nyaya za umeme zipite ndani ya paipu, na madirisha ya vyumba vya kulala yasifungwe kwa vyuma visivyoweza kufunguliwa kutoka ndani.

Wapo wanaoamini kwamba nyumba ya mbao haihitaji idhini kwa sababu si ya kudumu. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inahitaji idhini ya kaunti kwa ujenzi, na Kanuni za Kitaifa za Ujenzi za mwaka 2024 zilianza kutumika Machi 2025. Mhandisi atakayeichunguza michoro yako atauliza mambo haya haya tuliyoyapitia: mzigo unashukia wapi, ni nini kinachouzuia ukuta kuinama, na paa limefungwa hadi wapi.

Kabla hujaruhusu upande wa ndani ufungwe, simama katikati ya nyumba na upige picha kila ukuta, ukiwa umeweka utepe wa kupimia sakafuni ili vipimo vionekane. Picha zioneshe viguzo, linta na miguu yake, misumari ya ukingoni mwa plaiwudi, bolti zenye nati zilizokazwa, na njia za nyaya na za maji. Zihifadhi mahali pasipopotea na umpe nakala yeyote atakayeishi humo baada yako, maana siku atakapotaka kuning'iniza kabati zito la jikoni au kutoboa dirisha jingine, hatakuwa na njia nyingine ya kujua kilicho nyuma ya jipsamu.